Breki za kinga ya mwili: jicho lililoumia, saratani, na kijana asiyesikia

Fundi wa kuchomelea akirukiwa na kipande cha chuma jichoni, karakana nzima inaangalia jicho lililopigwa. Anakimbizwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, jicho linashonwa, linafunikwa, anapewa tarehe ya kurudi. Siku ya kurudi daktari anaanza na lile jicho zima: anamulika, anaandika, anauliza kama mwanga unachoma au kama maandishi ya kwenye simu yanafifia. "Dokta, hilo halina shida," fundi anasema. "Linalonisumbua ni hili." Wengine maumivu yakitulia hawarudi kabisa, maana hawaoni kwa nini watoe nauli kutoka Same au Rombo ili wakakaguliwe jicho ambalo halikuguswa na kitu.

Swali la fundi huyu ni zuri kuliko anavyodhani. Ukilijibu mpaka mwisho unajikuta umefika kwenye dawa mpya za saratani, kisha kwenye masikio, kisha kwa vijana wanaokua bila kusikia. Hospitalini mambo haya yana milango tofauti, na magazeti huyaandika kila moja kwa siku yake. Mwilini yanakutana, na mengi yake yanakutana mahali pamoja: kwenye uwezo wa kinga ya mwili kujizuia.

Tuanze na jicho. Lile jicho zima linaweza kuharibiwa na kinga ya fundi mwenyewe. Hakuna kidudu kinachohama kutoka jicho moja kwenda jingine. Kinachotokea ni kwamba jicho lililopasuka limeachia vitu vilivyokuwa vimefungiwa ndani yake, vimefika kwenye tezi za limfu, seli za kinga zimeviona kwa mara ya kwanza na kuvichukulia kuwa adui. Baada ya hapo zinavitafuta popote vilipo, na vilipo ni kwenye jicho la pili. Ugonjwa huu ni adimu, hasa pale jeraha linaposhonwa mapema na vizuri. Lakini ukitokea ni mzito: jicho linakuwa jekundu, mwanga unachoma, vitu vya karibu havionekani vizuri, na bila matibabu mtu anaweza kupofuka macho yote mawili kwa ajali ya jicho moja. Wagonjwa kama 80 kati ya 100 huonyesha dalili ndani ya miezi mitatu tangu waumie, na ndiyo maana tarehe zile za kurudi zinapangwa hata kama mtu anajisikia mzima.

Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, alikuwa na miaka 3 alipojichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi kwenye karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Alipofikisha miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Madaktari wanaokisoma kisa chake leo wanataja mambo mawili yanayowezekana: maambukizi yaliyosambaa, au ugonjwa huu wa jicho la pili. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa tayari ameunda maandishi ya nukta ambayo wasioona wanayatumia mpaka sasa, hapa kwetu pia.

Kwa nini kinga isilijue jicho, wakati ni sehemu ya mwili uleule? Mwaka 1948 Mwingereza Peter Medawar alieleza majaribio aliyoyafanya kwa sungura. Ngozi ya sungura mmoja ukiipandikiza kwenye mwili wa mwingine, mwili huikataa ikafa. Medawar aliipandikiza ndani ya jicho, kwenye chumba cha maji kilicho mbele ya lenzi, na huko ilidumu. Jicho, kwa namna fulani, lilikuwa limeizuia kinga isifanye kazi yake ya kawaida.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria kinachoharibika. Goti likivimba na kutunga usaha, likipona linabaki na kovu na mtu anatembea. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikivimba hivyo, kovu lake ni upofu, kwa sababu seli za retina zikifa hazioti tena. Kwa hiyo jicho limewekewa ulinzi dhidi ya walinzi wenyewe: kuta ambazo seli za kinga hazipenyi kwa urahisi, na protini juu ya seli zake ambazo seli ya kinga ikizigusa inapoa. Mojawapo ya protini hizo inaitwa PD-L1. Wanasayansi wamezoea kuziita breki, na mtu aliyewahi kushuka na gari kutoka Marangu kwenda Himo atakubali kwamba katika mteremko ule breki ni muhimu kuliko injini.

Saratani na breki zilezile

Seli ya saratani ni seli ya mwili iliyoharibika. Kinga inaweza kuitambua, na mara nyingi huitambua. Nchini Marekani, daktari wa upasuaji William Coley alianza mwaka 1891 kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria hai akitumaini kuiamsha kinga, na baadhi ya uvimbe ulinywea. Hakuna aliyeweza kueleza vizuri kwa nini kwa mmoja ulinywea na kwa mwingine haukusikia kitu, na tiba ya mionzi ilipokuja njia yake ikasahauliwa.

Maelezo yalipatikana karibu miaka mia baadaye. Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto waligundua PD-1 mwaka 1992: ni ile sehemu ya seli ya kinga inayopokea ujumbe wa kusimama. Mmarekani James Allison alikuwa akichunguza breki nyingine, CTLA-4, na mwaka 1996 timu yake ilionyesha kwamba ukiizuia breki hiyo kwa panya, uvimbe wa saratani unakataliwa na mwili. Ikaonekana kwamba saratani nyingi zinaishi kwa kubonyeza breki hizo. Zinavaa PD-L1, ileile inayolilinda jicho, na seli za kinga zinazifikia, zinazigusa, zinapoa. Allison na Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Hapa ndipo tiba hii inapotofautiana na tiba kemikali, na ndipo wengi wanapochanganya. Dawa hizi haziui seli ya saratani. Zinashika ile breki isifanye kazi, na kazi ya kuua inafanywa na kinga ya mgonjwa. Ipilimumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya seli za rangi. Nivolumabu na pembrolizumabu zikafuata mwaka 2014. Rais mstaafu Jimmy Carter alitangaza mwaka 2015 kuwa melanoma imefika kwenye ubongo, akapata pembrolizumabu pamoja na upasuaji na mionzi, na akaishi mpaka Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Kisa chake kimewapa watu wengi matumaini, na ni haki yao. Lakini kisa cha mtu mmoja aliyepata tiba tatu hakikuambii ipi ilifanya kazi. Kwa hilo unahitaji makundi makubwa yanayolinganishwa. Katika utafiti mmoja wa melanoma iliyosambaa, baada ya miaka 10 walikuwa hai 43 kati ya 100 waliopewa nivolumabu na ipilimumabu pamoja, na 19 kati ya 100 waliopewa ipilimumabu peke yake. Kabla ya dawa hizi, wagonjwa wa hali hiyo wengi hawakumaliza mwaka.

Namba hizo zisomwe pande zote mbili. Wapo watu wanaoishi leo ambao miaka ishirini iliyopita wangezikwa, na wapo zaidi ya nusu ambao hata dawa mbili kwa pamoja hazikuwatosha. Tena, kati ya waliopewa dawa mbili, zaidi ya nusu walipata madhara makali. Ukiachia breki za mwili mzima, kinga inaweza kushambulia utumbo, ini, mapafu, tezi ya shingoni, ngozi. Na jicho.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa kwetu anapaswa kulijua. Tafiti kubwa za melanoma zimefanyika zaidi kwa Wazungu, ambao huipata kwenye ngozi iliyochomwa na jua. Kwa Mwafrika mwenye ngozi nyeusi melanoma hupenda kutokea kwenye wayo au chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki, na aina hiyo haiitikii dawa hizi vizuri kama ile ya juani. Doa jeusi la wayoni linalokua au kidonda kisichopona ni jambo la kupeleka hospitali mapema, likiwa dogo la kukatwa.

Bei nayo ni habari nyingine. Dozi za kawaida ziko mbali na mfuko wa familia ya kawaida ya Moshi au Arusha, na hilo halifichiki. Kwa hiyo utafiti ninaoufuatilia kwa moyo wote ulitoka Tata Memorial, hospitali ya saratani ya Mumbai. Wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo iliyoshindikana kutibika waligawanywa: kundi moja vidonge vya bei nafuu peke yake, kundi la pili vidonge vilevile pamoja na nivolumabu miligramu 20 kila baada ya wiki tatu. Dozi ya kawaida ni miligramu 240, tena kila wiki mbili. Baada ya mwaka mmoja walikuwa hai 16 kati ya 100 katika kundi la kwanza, na 43 kati ya 100 katika la pili. Utafiti huo haukulinganisha dozi ndogo na dozi kubwa, kwa hiyo hauthibitishi kwamba zinalingana. Ulichoonyesha ni kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwa nchi kama yetu hilo ndilo swali lenyewe.

Ipo pia njia ya kuifundisha kinga kabla saratani haijatokea. Chanjo ya kirusi cha HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, ilitolewa kwa majaribio katika mkoa wa Kilimanjaro kuanzia mwaka 2014, kabla ya kuanza nchi nzima mwaka 2018. Wasichana wa shule za huku walikuwa miongoni mwa waliotangulia.

Seli za rangi

Nimesema jicho lililopasuka linaachia vitu ambavyo kinga haikuvizoea. Inaaminika kwamba vingi vya vitu hivyo vinatoka kwenye seli za rangi, melanosaiti, ambazo ndani ya jicho zimejaa kwenye utando ulio nyuma ya retina. Melanosaiti ziko pia kwenye ngozi, kwenye nywele, kwenye utando unaofunika ubongo, na, jambo ambalo wengi hawalijui, ndani kabisa ya sikio. Na melanoma ni saratani ya melanosaiti.

Sasa unganisha. Kuna wagonjwa wachache wa melanoma waliopewa dawa za kuachia breki, kinga ikaamka dhidi ya saratani yao, kisha ikaendelea: macho yakavimba ndani, masikio yakaanza kuvuma na kusikia kukapungua, ngozi ikatoka mabaka meupe. Madaktari wa macho waliitambua picha hiyo mara moja, kwa sababu inafanana sana na ule ugonjwa wa jicho la pili wa fundi wetu. Kinga iliyofundishwa kuzichukia seli za rangi haijali ziko wapi. Mabaka meupe ya ngozi, kwa mgonjwa wa melanoma, mara nyingi yameambatana na dawa kufanya kazi vizuri zaidi.

Seli za rangi zinafanya nini sikioni, mahali pasipofikiwa na mwanga? Ndani ya kile kifereji kilichojiviringa kama konokono kuna mkanda mwembamba unaotunza chaji ya umeme katika majimaji ya sikio. Melanosaiti ni sehemu ya mkanda huo. Zikikosekana, chaji haipo, na vinyweleo vya kusikia havina kinachoviendesha. Daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Johannes Waardenburg, alieleza mwaka 1951 ugonjwa wa kurithi unaoonyesha jambo hili waziwazi: mtoto anaweza kuzaliwa na macho ya bluu, pengine na kishungi cha nywele nyeupe kwenye paji la uso, na wengine wao ni viziwi. Mtoto mweusi wa namna hii akionekana kijijini maneno huwa mengi, ya baraka na ya laana. Kilichotokea ni kwamba melanosaiti hazikufika zilikotakiwa kufika alipokuwa tumboni.

Na ualbino? Swali hili lina uzito wake hapa Moshi, kwa sababu kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC tangu mwaka 1992 kimewahudumia watu wenye ualbino kwa miaka mingi, na mafuta ya Kilisun ya kukinga jua yalianza kutengenezwa hapo. Mtu mwenye ualbino kwa kawaida anasikia vizuri. Seli zake za rangi zipo, sikioni zinafanya kazi yake. Kilichopungua ni rangi yenyewe, melanini. Kinachomwandama ni jua kwenye ngozi na macho, na saratani anayoipata mara nyingi si melanoma, ni ile ya tabaka la juu la ngozi. Kwa saratani hiyo ikishindikana kukatwa, dawa ya kuachia breki iitwayo semiplimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ilipunguza uvimbe kwa karibu nusu ya wagonjwa katika tafiti za mwanzo. Lakini kofia pana, Kilisun, na kukatwa kidonda kikiwa kidogo vinaokoa wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, na leo.

Dawa moja, jicho limeokoka na jicho limekufa

Ikiwa tatizo ni kinga iliyokosa breki, tiba ni kuzibonyeza. Dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hufanya hivyo. Fundi mwenye dalili kwenye jicho la pili atapewa kwa dozi kubwa, na zinaweza kuokoa uoni wake. Mgonjwa wa saratani aliyevimba macho atapewa hizohizo.

Sasa mchukue mama wa Kibosho aliyepigwa na tawi la mkahawa, au kijana aliyekwaruzwa na jani la mhindi shambani Mabogini. Mkwaruzo ni mdogo, lakini tawi limeacha fangasi kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Siku mbili tatu jicho jekundu, linatoa machozi. Anapita duka la dawa, anapewa kichupa cha matone chenye antibiotiki na steroidi pamoja. Wekundu unapungua, maumivu yanatulia, anashukuru. Steroidi imezibonyeza breki wakati ambapo kinga ndiyo ilikuwa ikiwazuia fangasi, na fangasi wanaendelea kula konea kimyakimya. Akifika kliniki doa jeupe limeshatanda. Tone lilelile ambalo lingemwokoa fundi limemharibia yeye. Ndiyo maana mtoa dawa makini hakupi matone ya steroidi mpaka mtu aliangalie jicho kwa kifaa, na ukimlazimisha unajidhuru mwenyewe. Dawa za mitishamba na maziwa jichoni nazo hazifai, kwa sababu zinaongeza vijidudu kwenye kidonda kilicho wazi.

Kwa kuwa nimefika hapa, niseme na ya huduma ya kwanza. Jicho likiingiwa na chokaa, saruji mbichi, maji ya betri au sabuni kali, lioshe kwa maji safi papo hapo, mengi, kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uanze safari. Likitobolewa na kitu chenye ncha, usilioshe, usilikandamize, usichomoe kilichochomekwa. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, kama kitako cha kikombe cha plastiki, na uende.

Sikio nalo lina hadithi yake ya steroidi. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowafanya watoto na vijana waliokuwa wakisikia wawe viziwi. Sehemu ya uharibifu inatoka kwa bakteria, sehemu inatoka kwenye ukali wa kinga inayopigana nao ndani ya nafasi ndogo. Basi ilionekana busara kumpa mgonjwa deksamethasoni pamoja na antibiotiki. Mwaka 2002 utafiti wa watu wazima huko Ulaya ulionyesha vifo vimeshuka kutoka 15 hadi 7 kati ya kila wagonjwa 100. Mwaka huohuo utafiti wa watoto takriban 600 nchini Malawi haukuona nafuu yoyote. Mwaka 2007 wakajaribiwa watu wazima wa Malawi, nafuu haikuonekana tena. Kuhusu kusikia pia, tafiti zikijumlishwa, faida imeonekana nchi tajiri na haikuonekana nchi maskini. Dawa ni ileile. Waliotofautiana ni wagonjwa: walichelewa kufika, wengi wa wale watu wazima walikuwa na VVU, na watoto wengi walikuwa na lishe duni. Binafsi naziona tafiti za Malawi kuwa miongoni mwa kazi muhimu zilizofanyika ukanda wetu, kwa sababu bila hizo tungekuwa tunaazima jibu la watu wengine.

Kijana mwenyewe

Mpaka hapa nimezungumzia seli. Lakini kijana aliyetoka wodini baada ya uti wa mgongo, au baada ya sindano nyingi za gentamaisini, antibiotiki inayoweza kudhuru masikio, au ambaye masikio yake yametoa usaha tangu utotoni, anarudi shule na nyumbani, na huko ndiko wanasaikolojia wanakomtazama.

Kuna vijana wa aina mbili ambao huwekwa kwenye kapu moja kimakosa. Aliyezaliwa kiziwi na kupata lugha ya alama mapema ana lugha, ana rafiki, ana utani wake. Aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 13 bado anaongea Kiswahili safi, kwa hiyo watu wanasahau kwamba hasikii. Darasani anasoma midomo ya mwalimu, mwalimu anageukia ubao, sentensi imekatika. Akiulizwa "umeelewa?" anaitikia kwa kichwa, maana akisema hapana mara nne mfululizo wenzake wanaguna. Mwisho wa muhula anaandikwa mvivu au mwenye kiburi.

Halafu kuna wa tatu, na ndiye anayeniumiza zaidi: aliyezaliwa kiziwi kwenye nyumba ya watu wote wanaosikia, ambaye hakuna aliyejifunza alama. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba zaidi ya watoto 90 kati ya 100 walio viziwi wana wazazi wanaosikia. Jioni familia imekaa, mtori umepakuliwa, babu anasimulia, wote wanacheka. Kijana anamvuta dada yake mkono kuuliza kuna nini. "Nitakuambia baadaye." Baadaye anaambiwa kwa maneno mawili, au haambiwi. Mambo ambayo mtoto anayesikia anayaokota bila kufundishwa, nani anaumwa, kwa nini mjomba hasemi na baba, pesa ya ada imetoka wapi, yeye hayamfikii. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 kwenye jarida la The Lancet yanaeleza kwamba watoto viziwi wasioelewana na familia zao wana uwezekano mara nne zaidi wa kupata matatizo ya afya ya akili kuliko viziwi wenzao ambao nyumbani wanaelewana. Kiwango cha uziwi ni kilekile. Kilichobadilika ni kama kuna mtu wa kuongea naye.

Namba hizi zenyewe zimekuwa ngumu kupatikana, na ugumu huo unafundisha kitu. Hali ya akili ya kijana hupimwa kwa dodoso: "Nina wasiwasi mwingi", "Mara nyingi sina raha", chagua jibu. Dodoso hilo limeandikwa. Kijana ambaye lugha yake ya kwanza ni alama analisoma kama lugha ya pili, na wengine hawajaimudu vizuri. Akikosea swali, kipimo kinaonyesha ugonjwa pasipo na ugonjwa, au kinaukosa uliopo. Akiulizwa mzazi, anajibu mtu ambaye pengine hajawahi kuwa na mazungumzo marefu na mwanawe. Huko Uingereza watafiti walilitafsiri mojawapo ya madodoso hayo kwa video ya lugha ya alama ya nchi hiyo, kijana akajibu kwa lugha yake. Dodoso la kwetu linahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania, na watu wa kuliandaa wako karibu: kuna shule ya viziwi Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu.

Kijana kama huyu akiumia jicho, fikiria uzito wake. Kwa anayesikia jicho ni uoni. Kwake jicho ndiyo mazungumzo yote, darasa, mkalimani, na uso wa mama. Kumkagua lile jicho la pili kwa miezi ile ya mwanzo ni kulinda lugha yake.

Akipata saratani, mambo yanaongezeka. Sisplatini, dawa kongwe ya tiba kemikali, inajulikana kwa kuharibu kusikia. Mwaka 2018 utafiti wa watoto wenye saratani ya ini ulionyesha kwamba wakidungwa thiosulfeti ya sodiamu saa sita baada ya sisplatini, waliopoteza kusikia walikuwa 33 kati ya 100, badala ya 63. Kwa kijana mwenye usikivu mdogo uliobaki, ule wa kumwezesha kusikia honi ya bodaboda nyuma yake, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Na dawa za kuachia breki zinategemea mgonjwa aseme mapema. Kuharisha kwa siku mbili, kikohozi kipya, ukungu machoni, mwanga unaochoma, masikio kuvuma: hizi ndizo ishara za kwanza kwamba kinga imevuka mpaka, na zikitajwa mapema, mara nyingi steroidi zinatosha. Kwa kijana kiziwi hiyo inamaanisha mkalimani awepo tangu siku ya kusaini fomu ya kukubali tiba, na awepo kila ziara, maswali yaelekezwe kwa kijana mwenyewe na mama asijibu kwa niaba yake. Inamaanisha pia namba ya kliniki inayopokea ujumbe wa maandishi au video, kwa sababu hawezi kupiga simu usiku akasema jicho linamuuma. Na namna ya kuuliza kwa alama kama masikio yanavuma, kwa mtu ambaye pengine hakuwahi kusikia ukimya wala kelele, ni kazi ya kukaa na viziwi wenyewe mezani mpaka alama inayoeleweka ipatikane.